Mwaka Kaisa Alipoacha Kusema

Helvi alifariki mwaka jana, katika kijiji cha mumewe kando ya bahari huko Ufini, na aliyenipigia simu kunipa habari ni binti yake, Kaisa. Tulizungumza Kiingereza. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke wa makamo aliyeshinda siku nzima akipokea watu. Alisema kasisi amemwuliza swali ambalo hakuweza kulijibu: je, ibada ya mazishi iwe ya Kifini au ya Kiswidi? Lugha ya kuzaliwa ya mama yake ilikuwa Kifini. Baba yake, Nils, aliyetangulia kufa, alikuwa wa wale Wafini wa pwani ambao lugha yao ya nyumbani ni Kiswidi, na katika kanisa la kijiji chao kila lugha ina saa yake. "Wewe uliishi nao," Kaisa aliniambia. "Mimi nilipopata akili walikuwa wanachanganya. Wakiwa vijana, wakiwa peke yao, walikuwa wakizungumza lugha gani?" Nilimjibu nilichojua. Mezani walizungumza Kifini, na baba yake alipokuwa karakanani akipima mbao alihesabu kwa Kiswidi. Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza. Baadaye aliniandikia kwamba walimzika kwa lugha zote mbili, na watu wakalalamika kwamba ibada ilikuwa ndefu. Lakini tangu siku ile ya simu nimekuwa nikiurudia mwaka ule akilini, kwa sababu jibu nililompa lilikuwa la kweli, ila halikutosha.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikingoja nafasi katika chuo cha ualimu. Kenya ilikuwa bado nchi changa, haijafikisha hata miaka kumi ya uhuru, na mashamba ya walowezi kuzunguka Nanyuki yalikuwa yakikatwakatwa na kupewa watu. Nyumba moja ya mlowezi, ya mbao na mabati, upande wa barabara ya kwenda Doldol, ilikuwa imegeuzwa makao ya mwalimu wa chuo cha ufundi cha kijiji. Mwalimu huyo alikuwa Nils. Alifundisha useremala. Mkewe Helvi alikuwa muuguzi wa kliniki ya akina mama na watoto, na siku kadhaa kila juma alipanda Land Rover akaenda kupima watoto huko Doldol kwenye ng'ombe na vumbi. Walihitaji msichana wa kukaa na mtoto. Padri wa kanisani kwetu alinitaja, nikaenda na sanduku langu la bati, nikakaa mwaka mzima.

Kuna vitu vya nyumba ile ninavyoviona hadi leo bila kujitahidi. Jikoni kulikuwa na jiko la chuma la kuni, meza ndefu aliyoitengeneza Nils kwa mbao za mtarakwa, na dirishani mikebe ya maziwa ya unga iliyopandwa majani membamba ya kiungo ambacho Helvi alikiweka kwenye kila kiazi. Nyuma ya nyumba walikuwa wamejenga kibanda cha kuogea kwa mvuke, chenye mawe yaliyopashwa moto hadi maji yakimwagwa yanalia. Majirani waliona moshi ukitoka na wazungu wakitoka wekundu, wakasema wale watu wanajikausha kama nyama. Kila Jumamosi Helvi aliingia humo, akatoka ametulia, akakaa barazani na kitambaa kichwani, akitazama mlima. Chumba changu kilikuwa na vitanda viwili, kimoja kikiwa kitupu, na dari lililokuwa na alama ya maji yenye umbo la sikio.

Siku za kwanza nilidhani wote wawili ni wa lugha moja. Kwangu yote ilikuwa Kizungu kingine tu, kisicho Kiingereza. Nils ndiye aliyenieleza, mezani, akichora kwa uma kwenye ganda la kiazi. Alisema kijijini kwao kila kibao cha barabara kina majina mawili, moja juu ya lingine, na jina la juu ni la lugha yenye watu wengi. Shule ni mbili, zinatazamana, katikati kuna uwanja mmoja wa mpira. Kwenye mkutano wa baraza la kijiji mtu anasimama anasema kwa yake, mwingine anajibu kwa yake, na karani anaandika zote mbili.

"Nani wengi?" niliuliza.

"Sisi," Nils alisema.

"Kwa kijiji," Helvi akasema haraka. "Kwa kijiji, wao. Kwa nchi nzima, sisi. Kwa hivyo kila mtu pale yuko na uchungu. Yeye anasema ni mdogo, mimi nasema ni mdogo."

Nilipomsimulia Mama Gathoni, jirani aliyetuletea maziwa, alicheka hadi akaweka kibuyu chini. "Ati wazungu pia wako na kabila?" Jambo hilo lilimfurahisha. Alilipeleka sokoni, na kwa muda watu walikuwa wakimwuliza Nils kwa upole kama kwao pia kuna ubishi wa mashamba. Mimi sikucheka sana. Nanyuki nilikuwa nimeona Msomali muuza ng'ombe na Mkikuyu muuza mahindi wakibishana bei kwa Kiswahili kibovu cha pande zote mbili, na nilijua mtu anavyojisikia akikosa neno mbele ya mtu aliye nalo. Nilichoshangaa ni kwamba watu wawili walikuwa wamekubali kulala kitanda kimoja na jambo hilo.

Walikuwa na mapatano. Sikuambiwa, niliyaona. Helvi alizungumza Kifini na mtoto, na Nils naye alizungumza Kifini na mtoto, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kiswidi hakukitumia ndani ya nyumba. Karakanani, nikimpelekea chai, nilimsikia akihesabu vipimo kwa lugha nyingine, kwa kasi, kwa sauti nzito kuliko ile ya mezani, na alikuwa kama mtu mwingine, mwepesi. Akiniona alinyamaza, akasema, "Asante, Wangeci," tukawa tena kwenye Kiswahili.

Na mtoto mwenyewe? Kaisa alikuwa anakaribia miaka saba, na alikuwa nchini tangu akiwa mdogo sana. Mchana kutwa alikuwa na mimi, na mimi nilikuwa na Mama Gathoni na watoto wake na wanawake wa bombani. Kikuyu kilimwingia bila mtu kukileta. Watoto walimwita Kaitha, kwa sababu ndimi zetu hazikupenda ile s, naye mwenyewe akaanza kujiita hivyo. Mama yake alimwuliza jambo kwa Kifini, naye akajibu kwa Kiswahili. Baba yake alimwita, naye akamwambia mbwa kwa Kikuyu, "Twende, wanatuita." Mwanzoni walicheka. Helvi aliwaandikia ndugu zake juu ya jambo hilo kama kichekesho. Kisha nikaona kicheko kinapungua, na Helvi akianza kurudia swali mara ya pili na ya tatu kwa Kifini, akingoja, na mtoto akimtazama kwa adabu kama mtu anayemngoja mgeni amalize.

Ndipo mama yake Nils alipokuja. Baba yake Nils alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na mama huyu mzee, ambaye hakuwahi kutoka pwani ile ila kwenda mjini kuuza siagi, alipanda ndege akaja Kenya akiwa amevaa koti la sufu na kubeba mkate mweusi mgumu kama kigae. Kwa Kiswidi mama wa baba huitwa "farmor". Mama Gathoni alisikia Famo, akadhani ni jina lake, na kuanzia siku hiyo sote tukamwita Famo. Alipewa kile kitanda kitupu chumbani mwangu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa, na hakujua neno la Kiingereza wala la Kiswahili. Alikunja nguo zake, akakunja na zangu.

Chakula cha kwanza pamoja nakikumbuka vizuri. Kulikuwa na viazi, kabeji, na nyama ya mbuzi. Famo alimwinamia Kaisa, akamwuliza jambo kwa Kiswidi, jambo refu, la upole, ambalo bila shaka alilifanyia mazoezi ndani ya ndege. Kaisa alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kikuyu, "Anasema nini huyu cucu?" Cucu ni nyanya, kwa hivyo angalau hilo alikuwa amelitambua. Nilisema sijui. Famo alimtazama mwanawe, na Nils akaitazama sahani yake. Helvi alisimama akaenda kuongeza kuni jikoni, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri.

Baada ya hapo Famo na mimi tuliishi kama watu wawili wanaofanya kazi moja. Hakupenda kukaa bure. Aliingia jikoni, akashika kisu, akanionyesha kiazi na kukitaja, nami nikakitaja: yeye potatis, mimi warũ. Alijaribu kusema warũ, midomo yake ikashindwa, akanipiga begani akicheka. Maziwa ya mgando ya Mama Gathoni, yenye harufu ya moshi wa kibuyu, aliyanywa bakuli zima, akapangusa mdomo, akasema sentensi ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Vijana wa chuo walipoleta samaki wa mtoni, wale wenye madoadoa wanaopenda maji baridi ya mlimani, Famo aliwaning'iniza katika kile kibanda cha mvuke, akawakausha kwa moshi wa mtarakwa, na nyumba nzima ikanuka. Helvi alirudi kutoka Doldol akakuta chumba chake cha Jumamosi kimejaa samaki. Alifungua mlango ukabaki wazi siku mbili.

Mimi hujifunza maneno kwa kazi. Baada ya majuma machache Famo akisema lete sufuria, nilileta sufuria; akisema funga mlango, nilifunga. Na Kaisa, aliyenifuata kila mahali, akaanza kufanya vilevile. Siku moja Helvi aliingia jikoni na kumkuta binti yake akimpa Famo chumvi, akilitaja jina la chumvi kwa Kiswidi, waziwazi. Helvi aliniita barazani.

"Nani alikwambia ufundishe mtoto hiyo?"

"Mimi sijui kufundisha hiyo, Mama Kaisa. Famo anasema lete chumvi, tunaleta."

"Kwangu anakataa kujibu. Kwake analeta chumvi."

"Ni kazi tu, mama. Si kuongea."

Nilidhani nitafungasha sanduku langu. Badala yake alikaa kwenye ngazi, akanionyesha nafasi kando yake. "Nilipoolewa, tulikaa kwa huyu mama mwaka moja," alisema. "Nilikuwa sijui Kiswidi. Yeye aliongea na kila mtu kwa meza. Na mimi, hapana. Hata 'kula' hakuniambia. Kwa duka, mwenye duka anajua Kifini, lakini nikiingia anasahau." Alisema hayo bila machozi, kama anayemsomea daktari hali ya mgonjwa. Kisha akarudi ndani. Sikufukuzwa. Lakini kuanzia hapo, Famo akinitajia kitu jikoni, nilikuwa nakileta nikiwa nimeinamisha kichwa, na nilijua kwamba nimeingizwa katika jambo lililoanza kabla sijawajua na ambalo halikunihusu.

Mkataba wa Nils ulikuwa unaisha mwisho wa mwaka. Wangerudi, na Kaisa angeanza shule. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, na kwa sababu hiyo lilikuwa mezani kila siku. Jumapili moja tulikuwa tumetoka kanisani, tumekaa kula githeri, mahindi na maharagwe, aliyopika Mama Gathoni kwa kumheshimu Famo. Famo alisema kitu, kwa utulivu, akipangusa kijiko. Nils aliacha kutafuna. Helvi, ambaye siku zote alijifanya hasikii Kiswidi, aliweka sufuria mezani kwa nguvu hata maharagwe yakaruka. Baadaye nilijua Famo alisema nini: kwamba amezungumza na mwalimu wa shule ya Kiswidi, na nafasi ya Kaisa imeshawekwa.

Helvi alianza kwa Kifini. Nils, mbele ya mama yake, akajibu kwa Kiswidi. Helvi akainua mkono.

"Hapana. Usinijibu na hiyo!" alisema kwa Kiswahili.

"Basi na wewe usiniulize na yako," Nils naye akasema kwa Kiswahili.

Na hivyo ndivyo walivyogombana, kwa lugha ambayo haikuwa ya yeyote kati yao, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kumpa mwenzake faida ya kuwa nyumbani. Nimewahi kusikia watu wengi wakigombana, lakini sijasikia tena ugomvi kama ule. Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni, cha karakana na kliniki. Hawakuwa na maneno ya kulizungukia jambo. Walikuwa na maneno ya kulisema tu.

"Nani alimwambia aandikishe mtoto yangu?"

"Ni mtoto yetu."

"Yetu? Kwa kijiji yako hakuna yetu. Kuna yenu."

"Wewe ulikataa niongee na yeye. Miaka yote mimi nanyamaza ndani ya nyumba yangu. Naongea na mbao!"

"Na mimi nilinyamaza wapi? Si kwa meza ya mama yako? Mimi nilikuwa kiti pale, Nils. Mtu anakalia kiti, haongei na kiti."

"Mama ni mzee, Helvi."

"Wakati ule hakuwa mzee!"

Famo alikuwa akimtazama mmoja, kisha mwingine, bila kuelewa hata neno moja. Nilitaka kuondoka, lakini kupita nyuma ya kiti cha Nils kungekuwa kujionyesha. Ndipo Nils akasema, kwa sauti ya chini, "Tazama sasa. Huyu mtoto haongei na wewe, haongei na mimi. Anaongea na Wangeci. Sisi wote wawili ni viti."

Wakageuka wakamtazama Kaisa, na hapo ndipo ilipowajia. Miaka yote walikuwa wakificha magomvi yao katika Kifini, lugha ambayo mtoto aliikwepa. Kiswahili alikielewa kuwashinda. Alikuwa amesikia kila kitu. Alishuka kitini, akazunguka meza, akaja akasimama kando yangu akaushika upindo wa sweta yangu. Hakulia. Hakusema lolote siku hiyo, wala siku iliyofuata, na juma lilipokwisha tukatambua kwamba Kaisa ameacha kusema.

Sijui nilieleze vipi jambo hilo bila kulikuza. Alikula, alilala, aliwalisha kuku. Alifanya kila alichoambiwa kwa lugha yoyote. Lakini sauti ilikuwa imekwisha. Helvi alimmulika koo kwa tochi, akalikuta zima, akazima tochi na kukaa akiwa ameishika mkononi. Nils alimtengenezea kiti kidogo chenye maua yaliyochongwa mgongoni. Mtoto alikikalia, akakipapasa, akanyamaza. Bombani nilijaribu Kikuyu, nikijua kwamba kama kuna mlango uliobaki ni huo. Wasichana wa Mama Gathoni walimchekesha, wakamwimbia, wakamwita Kaitha, Kaitha. Alitabasamu tu. Mama Gathoni alinivuta kando. "Huyu mtoto si mgonjwa," alisema. "Ameogopa. Akifungua mdomo, ataumiza mtu mmoja." Nilikuwa nimelijua hilo bila kulipatia maneno. Kila lugha aliyokuwa nayo ilikuwa imeshakuwa upande wa mtu fulani, hata yangu.

Nils alimwita mama yake karakanani akamtafsiria ugomvi wote. Nilikuwa nimeleta chai, nikabaki mlangoni na sinia. Alizungumza kwa muda mrefu, kwa ile sauti yake nyingine. Famo alikuwa ameegemea meza ya useremala, mkono mmoja juu ya randa, na sikuona uso wake. Alipotoka alinipita bila kuniona, akaenda hadi kwenye uzio, akasimama pale akitazama ng'ombe wa watu. Kwa siku kadhaa baada ya hapo alipika kidogo na hakutaja jina la kitu chochote jikoni. Nyumba ikawa na watu wanne wasiosema na mimi wa tano. Kulikuwa na mlio wa vijiko tu. Usingefikiri kwamba humo ndani mna lugha tano.

Jambo lilivyogeuka lilikuwa dogo, na nilikuwepo. Ilikuwa asubuhi, Famo na mimi tukimenya viazi, Kaisa akiwa sakafuni na paka. Helvi alipaswa kwenda Doldol, gari lilikuwa limeshapashwa moto nje. Aliingia akiwa amevaa sare yake ya kazi, akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na Famo, akaanza kuzungumza Kiswidi. Si neno moja moja. Alizungumza kama mtu aliyekariri somo kwa miaka na sasa ameitwa mbele ya darasa, sentensi baada ya sentensi, mikono imekazwa mapajani. Famo aliacha kisu. Ganda la kiazi lilikuwa bado linaning'inia. Helvi alipofika mwisho nilidhani mzee atalia, au atamkumbatia, au atatoka. Famo akafungua mdomo akasema neno moja tu. Helvi akakunja uso. Famo akalirudia, polepole, akivuta sauti katikati. Alikuwa anamsahihisha matamshi.

Helvi alibaki akimkodolea macho. Rangi ilimpanda shingoni. Kisha akalisema lile neno tena, jinsi alivyoambiwa, na lilipotoka lilitoka vibaya zaidi, hata mimi nililisikia, na Famo akaziba mdomo kwa mkono wenye matope ya viazi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Na kutoka sakafuni tukasikia mtu anacheka. Kaisa alikuwa amemkumbatia paka akicheka, na alipoona sote tumemgeukia akasema, kwa Kikuyu, kwamba paka ana njaa. Helvi ndiye aliyesimama akampa paka maziwa. Gari liliunguruma nje kwa muda mrefu, na dereva akaja dirishani kuuliza kama leo watoto wa Doldol hawatapimwa.

Siku nyingine nilimwuliza Helvi alichomwambia mzee. Tulikuwa tunaanika nguo. "Nilimwambia mtoto ataenda shule ya Kifini," alisema. "Na kila Jumamosi atakuwa kwa yeye, na ataongea Kiswidi, na mimi nitaenda pia, nitakaa kwa meza. Lakini safari hii ataniambia 'kula'." Aliminya shati. "Neno nilikosea ni Jumamosi." Nilimwuliza kama wamepatana. "Hapana," alisema. "Lakini sasa tunaongea." Nils naye alianza kumsemesha binti yake Kiswidi, waziwazi, hata mezani, na Helvi hakukataza, ingawa mara nyingine alitoka nje.

Watu huniuliza kwa nini, nilipomaliza chuo na kupelekwa shule moja upande wa Doldol, sikuomba uhamisho kama walimu wengine. Darasa langu la kwanza lilikuwa na watoto waliokaa kimya tangu asubuhi hadi kengele ya kwenda nyumbani. Mwalimu mkuu aliniambia nisihangaike, hawa ni wazito. Nyumbani walizungumza Kimaasai. Sisi tuliingia na Kiswahili na Kiingereza, na wengine wetu tulikosea tukaingia na Kikuyu. Sikuwa na nadharia yoyote. Nilikuwa tu nimewahi kumwona mtoto mwenye maneno mengi akiyafungia yote, na sikuweza tena kuita hali hiyo uzito. Nilijifunza Kimaasai vibaya, nikachekwa sana, na kila waliponicheka darasa lilifunguka kidogo. Miaka mingi ya kazi yangu ilikuwa hiyo, na sidhani kama nilifanya jambo lingine la maana kulishinda.

Waliondoka Desemba. Famo alikuwa ametangulia, koti lake la sufu mkononi, akiwa amenipa kisu chake cha viazi. Asubuhi ya safari nyumba ilikuwa na mwangwi, mapazia yameondolewa. Nils alikuwa akifunga masanduku juu ya gari na kuhesabu kamba kwa Kiswidi, na Helvi akimjibu kutoka ndani kwa Kifini, wote wawili wakionekana kusikizana vizuri. Kaisa na mimi tulikaa kwenye ngazi za baraza. Alikuwa amevalishwa viatu vipya na soksi, na alikuwa akiitazama miguu yake.

"Huko tunakoenda," aliniuliza kwa Kikuyu, "kuna watoto wanaoongea hivi?"

"Hapana," nilisema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Lakini utaongea kama mama, na utaongea kama baba na Famo."

Alifikiri juu ya hilo. Hakuwa na huzuni. Alikuwa kama mtu anayepanga vitu katika sanduku na kuona kwamba kimoja kimebaki nje.

"Na hii yetu," alisema, "nitaiweka wapi?"

Helvi alikuwa anakuja na kofia ya mtoto mkononi.

"Niachie mimi," nilimwambia.

"Sawa," Kaisa akasema, akasimama, akaenda kwenye gari.